Mshono Mnene kama Dole Gumba

Bariadi, 11 Mei 2025

Domitila rafiki yangu,

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata padre kwenye kitubio, maana sijui kama ni dhambi. Mimi sipandi tela lililotengenezwa na baba yangu.

Unakumbuka kwaya ilipokwenda Migato, ninyi wote mkapanda juu mnaimba, mimi nikasema tela linanitapisha? Ulinipa ndimu ninuse. Halikuwa linanitapisha, Domi. Nilikuja kwa baiskeli nyuma yenu, nikila vumbi lenu, na njia nzima macho yangu yalikuwa kwenye ule mkono wa tela, zile chaneli mbili ndefu, vyuma vya umbo la U, zinazolifunga tela kwenye trekta. Nilikuwa nasubiri ukatike. Haukukatika. Nikafika nimechoka kuliko waliokuwa wanaimba.

Nakuandikia wewe kwa sababu tangu mama yako ahamishiwe Bukoba unasomea uchomeleaji, na mimi huku sina wa kumuuliza. Nimuulize nani? Kuanzia Itilima mpaka Busega ukisema Fundi Masalu, mtu anakuelekeza kwetu kwa kidevu. Na kilichomjulisha baba ni mshono. Wateja wa huku hawapimi kwa rula. Mtu anakuja, analaza dole gumba kwenye kona, pale chuma kimoja kinaposimama juu ya kingine. Mshono ukijaa dole, anacheka, anatoa hela. Ukipwaya anasema, "Fundi, ongeza nyama." Baba anaongeza. Hupenda kusema, "Mshono wangu haujawahi kukatika," na ni kweli tupu.

Lakini mwaka jana matela mawili yalirudi. Nilichungulia kabla baba hajayagusa. Mshono ulikuwa mzima kabisa. Kilichopasuka ni chaneli yenyewe, kando ya mshono, kama kitambaa kikuukuu kinavyochanika pembeni ya kiraka kipya. Baba alisema, "Chuma cha siku hizi ni karatasi," akarundika nyama nyingine juu yake.

Sasa Mzee Mhoja wa Mwamapalala ameagiza tela kubwa la kusombea pamba. Akimaliza kusomba, ameahidi kuiazima kwaya yetu tela hilo liwapeleke Nassa, sikukuu ya Petro na Paulo. Mama anaimba sauti ya pili. Yeye hukaa mbele, juu ya mkono wa tela, kwa sababu anasema mbele hakurushi sana.

Niambie wewe unayefundishwa: mshono wa kona wa kubeba mzigo mzito unatakiwa uwe na ukubwa gani? Unajua nilivyo. Darasani nanyamaza kwa Kiingereza, nyumbani nanyamaza kwa Kisukuma. Kiswahili nimekibakiza kwa ajili yako.

Wako,
Milembe


Bukoba, 22 Mei 2025

We Milembe!

Kumbe ndimu yangu ilikwenda bure! Na mimi nilikuwa nakuonea huruma, nikamwambia hadi mama, "Mwenzangu ana tumbo dogo." Utanilipa ndimu.

Barua yako imeletwa na yule konda wenu, Selestini. Simu shuleni bado hawaturuhusu, kwa hiyo tuendelee naye hivyohivyo.

Haya, sikiliza. Mshono wa kona ukiukata ukautazama upande, ni kama andazi, pembetatu. Zile pande mbili zinazolala juu ya vyuma, kila moja tunaiita mguu. Toka ndani ya kona mpaka usoni pa mshono, kwa njia fupi kuliko zote, ndilo koo. Mzigo wote unapita kooni. Mguu ukiwa milimita kumi, koo ni saba tu. Huku darasani tunasema kwa Kiingereza na hakuna anayecheka. Wewe ukimwambia Mzee Mhoja kwamba tela lake lina koo, jiandae.

Sasa ubaya uko hapa. Ukitaka nguvu mara mbili kwa kuurefusha mshono, stiki za kuchomelea zinakwenda mara mbili. Ukitaka nguvu hiyohiyo kwa kuunenepesha, stiki zinakwenda mara nne. Na moto vilevile. Moto wote huo unaingia kwenye chaneli nyembamba, unaichosha kando ya mshono. Mwalimu wetu wa karakana, Mwalimu Thadei, hutuambia hivi: mshono hauwezi kukipa chuma nguvu ambayo chuma hakina. Ukinenepa kupita kile chuma chembamba, unajenga ukuta wa mawe juu ya kigoda.

Na usije ukadhani mdogo ndiyo mzuri tu. Pleti nene, lile bamba la chuma, hunyonya moto haraka, mshono mdogo ukapoa ghafla ukapata ufa ukiwa bado mchanga. Kwa hiyo chuma kinene kinakuambia usishuke chini ya hapa, chuma chembamba kinakuambia usipande juu ya hapa. Wewe unakaa katikati yao. Nguvu ikipungua, unairudisha kwa urefu.

Pima unene wa vyuma vyote viwili unitumie. Halafu mwambie baba yako tu. Mbona rahisi! Mimi mama akikosea namwambia palepale, ananirushia kandambili, yamekwisha, tunakula.

Mwenzako wa dawati,
Domitila


Bariadi, 3 Juni 2025

Domi,

Nimepima. Chaneli ni milimita sita. Pleti inakochomelewa ni kumi na mbili. Mguu wa mshono wa baba, nilioupima alipokwenda kunywa chai, ni kumi na nne. Na umeizunguka chaneli yote, hata kuikatiza juu na chini.

Umesema nimwambie tu. Basi nilikwenda. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu kisimani. Nikamkuta na Mzee Mhoja, amelaza dole lake pale konani, analizungusha kama anapima pete.

"Fundi, hapa bado dole linacheza."

"Hilo dole lako limekonda kwa ubahili," baba akasema. "Mwenye dole la kawaida hapo halipiti."

"Ongeza nyama, bwana. Nimekuja kununua tela, sikuja kununua baiskeli."

"Baba," nikasema.

Wote wakageuka. "Naam, mayu," baba akaitika. Unajua huniita hivyo, kama anamwita mama yake. Alikuwa ameinua miwani yake ya moto juu ya paji la uso, ananisikiliza kweli, Domi, hakuwa hata na haraka. Na Mzee Mhoja naye ananiangalia.

Nikasema, "Chai nyingine ipo."

Mzee Mhoja akacheka. "Huyu binti yako hasemi, anapeleka taarifa."

Kwetu mtoto hamrekebishi baba mbele ya mteja. Hiyo naijua. Lakini usidhani ni mila peke yake. Jioni tulikuwa wawili, hapakuwa na mteja, na bado sikusema. Mila nilijifunika nayo tu.

Ndipo nikafanya jambo la pembeni. Nilimwambia baba kwamba shuleni kwenu mnataka kuona mshono wa fundi wa kweli. Nilifikiri, mkiupima ninyi, neno litatoka kwenu, mimi nitakuwa mbali nalo. Sasa naona aibu jinsi alivyolipokea. Alivaa shati la kanisani, akafunga aproni juu yake. Hakutaka mtu amshikie chochote. Alipomaliza aliupuliza ule mshono kama anampozea mtoto uji, akautazama, akautazama tena, akaufunga kwenye gunia.

Selestini amelalamika. "Hii ni barua au nanga?" Nimempa karanga.

Ndani ya gunia kuna bahasha ya baba. Ameifunga mwenyewe. Sijui ameandika nini. Mwalimu wako akipima, iandikie karakana, si mimi.

Milembe


Bariadi, 3 Juni 2025

Kwa mwanangu Domitila,

Mwangaluka. Sisi huku wazima, tunauza pamba. Mimi ni Masalu, baba yake Milembe. Naambiwa huko mnajifunza kazi yangu. Nimefurahi. Sikujua kama msichana anaweza kuupenda moto.

Nimewachomea kipande, chaneli na pleti kama za tela la Mzee Mhoja, sikubadilisha kitu. Stiki nilizianika kwanza juani zikauke. Waonyeshe wenzako.

Mimi nilifundishwa na fundi wa kinu cha pamba. Alikuwa akifundisha kwa kofi. Ukikosea kofi, ukipatia ananyamaza. Kwa nini fanya hivi na usifanye vile, hakuniambia, na sidhani kama naye aliambiwa. Kwa hiyo kama mwalimu wako ana neno, alitoe tu, mimi siyo mtoto.

Milembe wangu anakaa karakanani, anaangalia, haongei. Sijui kama anaipenda kazi hii au anaionea haya. Wewe mwenzake labda unajua.

Wabeja sana, nashukuru.

Masalu, fundi


Bukoba, 19 Juni 2025

Mzee wangu Masalu,

Shikamoo. Kipande chako kimefika salama na darasa zima limekizunguka. Mwalimu Thadei amekishika muda mrefu. Amesema, na mimi nayaandika maneno yake kama alivyoyatamka: "Mkono huu siuoni hata kwangu. Umenyooka toka mwanzo mpaka mwisho, hakuna mahali umetetemeka. Huyu ni fundi." Wavulana wawili wamejaribu kuuiga na wameshindwa, tumewacheka.

Tunashukuru sana kwa moyo wako wa kutufundisha. Milembe nilivyomjua mimi, chochote anachokitazama muda mrefu anakipenda.

Mwanao,
Domitila


Bukoba, 19 Juni 2025

Milembe,

Soma hii ukiwa peke yako, kabla au baada ya ile ya baba yako, sijui ipi ni afadhali.

Nilichomwandikia ni kweli. Ila ni nusu.

Mwalimu Thadei aliposema "huyu ni fundi," aliendelea. Alisema, "Na ndiyo maana inauma. Ameutia mguu wa kumi na nne kwenye chuma cha sita. Angechoma theluthi yake, tela lingebeba." Akabana pleti kwenye jiliwa, akaweka jeki chini ya chaneli, akaanza kupampu. Mshono haukutikisika. Chaneli ikapasuka kando yake, pu, kama muwa. Tulipoitazama, tukaona kamfereji kembamba kando ya mshono wote, moto ulipokula chuma. Ufa ulianzia humo.

Halafu tukachoma kingine sisi wenyewe, kwa mikono yetu ya ovyo. Mguu wa tano. Tano inatosha kwa pleti yako nene, na haiizidi chaneli yako nyembamba. Hatukuikatiza chaneli. Tuliongeza vipande vya pleti ubavuni, vimechongoka mwishoni, tukapitisha mishono midogo mirefu kuufuata urefu wa chaneli. Ilipinda, Mile. Ikapinda tena. Jeki ikafika mwisho wake, haikupasuka. Na mishono yetu ni mibaya kwa macho, baba yako angeitemea mate.

Kwa tela ambalo limekwisha kutengenezwa, Mwalimu anasema asiongeze hata tone. Akiongeza anaua. Aupunguze kwa grainda mpaka ule mfereji uishe, chuma kiwe laini, halafu afunge vipande vya ubavuni. Ni kazi ya siku moja kwa mkono kama wake.

Sasa utaniuliza kwa nini sikumwandikia haya. Ni mimi niliyekuambia "mwambie tu, mbona rahisi." Nilianza barua yake nikaichana, nikaanza nyingine nikaichana. Kila nikifika kwenye "lakini" nilimwona na lile shati la kanisani. Yeye mwenyewe ameandika kama mwalimu ana neno alitoe, yeye siyo mtoto. Nikajiambia, watu husema hivyo wakitaka kusifiwa. Labda nimemkosea. Kwa mama yangu naropoka kwa sababu najua kandambili itaishia wapi. Kwa baba yako sikujua.

Jambo jingine, hili sitalificha. Ameniuliza kama unaipenda kazi yake au unaionea haya. Anaona unakaa, unaangalia, husemi. Hajui unaangalia nini.

Nakurudishia kipande kilichopasuka, na kile chetu kibaya kilichopinda. Nisamehe nusu niliyoibakiza. Nimeiweka mikononi mwako, na najua si haki.

Domitila


Bariadi, Jumamosi, 28 Juni 2025

Domi,

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilitaka nikujibu nikiwa nimekwisha kusema. Sijasema. Naandika huku mchana unakwenda.

Barua yako ya kwake ilifika Jumatano. Aliisoma akiwa amesimama. Halafu akaketi juu ya tairi akaisoma tena. Halafu akaitundika kwenye mlango wa karakana, kwa msumari, juu kidogo ya usawa wa macho ili mtu ainue kichwa. Wateja wanasomeana. "Mpaka Bukoba!" wanasema. Dereva mmoja wa trekta asiyejua kusoma aliomba asomewe mara ya pili, na baba akamsomea bila kuangalia karatasi.

Jana Mzee Mhoja amerudi na tela. Amekwisha kusomba nalo pamba yote. Akainua kichwa, akaisoma barua yako, akaguna. "Kama ni hivyo, hata kwaya ya vijana ipande. Tela limesifiwa na walimu." Kwa hiyo kesho ni kwaya mbili, Domi, na ngoma zao, na sufuria.

Nilisubiri waingie kunywa togwa, nikainama kwenye mkono wa tela. Rangi imepasuka kando ya mshono. Ufa mwembamba kama unywele, una vumbi jekundu la kutu. Nilidhani naota kwa hofu. Nikapitisha ukucha, ukucha ukakwama.

Baba naye ameuona leo asubuhi. Hakushtuka. Alisema, "Chuma cha siku hizi," na amesema mchana huu ataongeza nyama, kesho lisafiri. Stiki zimekaa juani zinakauka. Anataka kuziongeza palepale Mwalimu Thadei alipokataza.

Nilijaribu kwa mama. Nilimwambia kesho asipande, aje na pikipiki. Alikuwa anapiga pasi vitenge vya kwaya. Akasema, "Tela la mume wangu nisilipande, nipande la nani?" Nikasema lina ufa. Akasema, "Kwani baba yako hana macho? Kamwambie yeye, mimi nampikia tu, simchomelei." Halafu akaacha pasi, akanitazama vizuri. "Wewe ndiwe hujawahi kupanda," akasema. Alikuwa anajua, Domi. Miaka yote. Alidhani nawaonea haya watu wa darasani kwangu wasinione juu ya tela la pamba. Hakuniuliza, na mimi sikumwambia.

Hilo ndilo limeniweka hapa kwenye meza. Nilifikiri kwamba ukimya wangu ni heshima. Kumbe wenzangu wanausoma kwa namna yao. Mama ameusoma ni maringo. Baba ameusoma ni haya. Mzee Mhoja ameusoma ni chai. Hakuna hata mmoja aliyeusoma kwamba nampenda baba na naogopa kazi yake itaua watu akiwa anasifiwa.

Sikulaumu kwa ile nusu. Kama ungeiandika yote, angeisoma peke yake akiwa amesimama, hana wa kumuuliza kwa nini. Yeye alipigwa kofi bila kuambiwa kwa nini. Mimi sababu ninayo. Ninayo kwa milimita. Nimekuwa nayo tangu Mei.

Nimevitoa vipande vyenu kwenye debe la mahindi nilikovificha. Viko mezani, kile chake kilichopasuka na kile chenu kilichopinda. Chenu ni kibaya kweli, kama matapishi ya kuku. Nadhani ataanza kwa kuwacheka ninyi, na mimi nitamwacha acheke kwanza. Halafu nitamwomba aweke dole lake mahali ambapo hajawahi kuliweka, si juu ya mshono, kando yake. Halafu sijui. Akikasirika akasirike. Kwaya ikichelewa kufika Nassa, Petro na Paulo watawasubiri.

Nasikia amemaliza kukusanya stiki. Anaimba ule wimbo wake wa kulimia. Miwani yake ya moto imetundikwa humu, ukutani, juu ya meza ninayoandikia, lazima aje kuichukua. Wimbo umekoma. Anavuka uani, viatu vyake vya kazi havinyanyuki sana akiwa amechoka. Amesimama nje ya mlango, anapiga soli ukutani vumbi litoke, mguu mmoja, sasa mwingine.

Mkono wangu wa kushoto umekwisha kuifunika karatasi hii, wenyewe, bila kuniuliza.

Nauondoa.